Kilichozikwa Hakikuoza



Mhariri wa jarida hili alituomba tuandike kidogo juu ya maisha yetu ya masomo huko Ireland. Tulikubali haraka, lakini kila tulipokaa kuandika habari za chuo, za maktaba na za baridi, kalamu ilirudi kwenye jambo moja: ndege ya kivita iliyofukuliwa kwenye kinamasi. Basi tumeiacha iende huko. Mafrateri watatusamehe kama walitegemea ushauri wa namna ya kuandika tasnifu.

Sisi ni mapadre wawili wa jimbo moja. Tulianza falsafa mwaka mmoja, tukalala bweni moja, na baada ya miaka mingi tukajikuta tena chini ya paa moja ugenini. Watu wa nyumbani waliona ni baraka: ndugu wawili waliolelewa pamoja wametumwa pamoja. Tulipopiga nao simu, nasi tulisema hivyo hivyo.

Likizo ya kiangazi tulipangiwa kusaidia parokia moja katika rasi ya Inishowen, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Ireland. Inishowen imo katika kaunti ya Donegal, ndani ya Jamhuri ya Ireland, lakini kikanisa iko chini ya Jimbo la Derry, na mji wa Derry wenyewe uko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Ufalme wa Uingereza. Jimbo moja, nchi mbili. Mapadre wa huko huvuka mpaka kwenda kuonana na Askofu wao kama sisi tunavyovuka barabara kwenda dukani.

Siku ya tatu, baada ya Misa ya asubuhi, mzee mmoja wa parokia alitungoja mlangoni mwa sakristia. Akatuuliza kama mapadre wa Afrika wanajua kazi ya mikono. Tukamwambia tumezaliwa kwa wakulima.

"Basi njooni kinamasini," akasema. "Mgongo wangu umechoka."

Udongo usioozesha

Kinamasi cha Ireland si kama majaruba yetu ya mpunga. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni uwanda wa majani makavu tu, wa rangi ya kahawia. Ukikikanyaga kinatikisika kama godoro. Chini yake kuna udongo mweusi ambao si udongo hasa, bali ni mimea iliyolala. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanaujua, kwa sababu huko nao huchimbwa mabondeni, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Sisi hapa tutauita mboji.

Mzee alitueleza unavyotokea. Juu ya kinamasi huota majani laini yanayonyonya maji kama sponji. Kwa kawaida jani likifa huoza likaisha, kwa kuwa vijidudu vinavyoliozesha vinapata hewa. Hapa maji yamejaa mpaka juu, hewa haifiki chini, kuna baridi, na maji yenyewe ni machachu. Kwa hiyo majani hayaishi. Yanalaliana, tabaka juu ya tabaka, kiasi cha milimita moja hivi kwa mwaka. Ukichimba mita moja umerudi nyuma kama miaka 1,000.

Mzee alikuwa ameshaikata mboji yake tangu majira ya kuchipua: vipande virefu kama matofali, vyeusi na vyenye kuteleza. Kazi yetu ilikuwa kuvisimamisha vitano vitano, viegemeane juu, ili upepo upite katikati na kuvikausha. Tulifanya kazi saa tatu kwenye mstari mmoja. Maneno tuliyosemezana sisi wawili yalikuwa "lete" na "shika hapa". Na mzee tulizungumza sana, mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Sisi kwa sisi, hapana.

Alipotoa chupa ya chai, alitunyoshea kidole upande wa vilima. "Kule Moneydarragh, karibu na Gleneely," akasema, "ndiko walikofukua ile ndege." Na akaanza kusimulia.

Jumapili ya kwanza ya Majilio

Ilikuwa Jumapili, 30 Novemba 1941, mwanzo wa Majilio. Ulaya ilikuwa vitani kwa mwaka wa tatu. Katika uwanja wa Eglinton, karibu na Derry, kilikuwapo Kikosi Namba 133 cha jeshi la anga la Uingereza. Marubani wake walikuwa Wamarekani waliojitolea kupigana kabla nchi yao haijaingia vitani. Kazi yao ilikuwa kulinda misafara ya meli zilizoleta chakula na silaha kupitia Atlantiki.

Mmoja wao alikuwa Roland Wolfe, aliyeitwa Bud, kijana wa miaka 23 kutoka Nebraska. Aliendesha ndege aina ya Spitfire yenye namba P8074. Ndege hiyo ilikuwa na jina la mtu: Garfield Weston, tajiri wa Kanada mwenye biashara ya mikate na biskuti, aliyetoa pauni 100,000 mwaka 1940 ili zinunuliwe ndege za kufidia zilizoangushwa.

Wolfe alipokuwa akirudi kutoka kulinda meli, injini ilichemsha. Madereva wa kwetu wanalijua neno hilo na hofu yake, lakini dereva husimama pembeni akafungua boneti. Angani hakuna pembeni. Injini ya Spitfire ilipozwa kwa maji yenye dawa yaliyozunguka ndani yake, na upozaji ukishindwa muda unabaki mfupi. Wolfe alijaribu kufika uwanjani, akaona hawezi, akaruka kwa mwavuli. Ndege iliendelea peke yake na kujichimbia kinamasini, ikazama kama mchi ulioangukia kwenye uji.

Wolfe alitua mzima, lakini alitua upande wa pili wa mpaka. Jamhuri ya leo wakati huo ilikuwa nchi isiyoegemea upande wowote katika vita ile. Askari wa taifa lolote aliyeangukia huko aliweza kuwekwa kizuizini hadi vita iishe. Wolfe alipelekwa kambi ya Curragh, kusini magharibi mwa Dublin, walikowekwa Waingereza na wenzao upande mmoja na Wajerumani upande mwingine.

Haikuwa kambi ya mateso. Waliowekwa humo waliruhusiwa kutoka kwenda kuvua samaki, kucheza gofu au kunywa bia kijijini, kwa sharti moja: unaweka saini getini kwamba utarudi. Lindo lenyewe hasa lilikuwa neno lako.

Tarehe 13 Desemba, wiki mbili tu baada ya kuanguka, Wolfe alitoka. Husimuliwa kwamba aliweka saini, akarudi ndani kana kwamba amesahau glovu zake, kisha akatoka tena bila kuweka saini ya pili. Kwa hesabu yake ahadi ya kwanza ilikuwa imekwisha aliporudi, na ya pili hakuitoa. Akafika Dublin, akapanda treni kwenda Belfast, akarudi Eglinton kwa wenzake. Bila shaka alitegemea kupokewa kama shujaa. Wakubwa wake walimrudisha Curragh. Uingereza haikutaka kugombana na nchi jirani isiyo vitani kwa sababu ya ahadi iliyochezewa getini. Alikaa kambini hadi mwaka 1943.

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. "Glovu!" akasema. "Mnaona mababa? Amepita mlangoni kwa ujanja, halafu watu wake wenyewe wanamrudisha!"

Sisi hatukucheka. Mmoja wetu aliinama kufunga kamba za viatu, mwingine akatazama vilima. Mzee aliliona hilo. Alimaliza chai yake, akasema turudi kazini.

Namna ya kufukua

Hadithi ya ndege haikupotea Inishowen, kwa sababu watu waliiona na kuwasimulia watoto wao. Ila ndege yenyewe ilikuwa imefunikwa kabisa. Mwaka 2011 mtafiti wa historia ya ndege, Jonny McNee, pamoja na wanaakiolojia na watu wa BBC waliokuwa wakitengeneza kipindi, walikuja kuitafuta.

Mzee alitusimulia kwa utaratibu jinsi kazi ile ilivyofanyika, na tunaipanga hapa kwa sababu baadaye ilitusaidia. Kwanza waliuliza. Walisikiliza wenye kumbukumbu, kisha wakapima kwa mitambo inayotambua chuma ardhini, mpaka wakajua mahali penyewe. Hawakuchimba huku na huku kwa kubahatisha.

Pili, waliandaa pa kusimama. Katapila la tani nyingi likiingia kinamasini hivi hivi litazama nalo, na utakuwa na mabaki mawili badala ya moja. Walitandika mbao nzito juu ya majani, ndipo katapila likasogea juu yake taratibu.

Tatu, waliwaita wenye ujuzi wa silaha. Ndege ya kivita huanguka na risasi zake, na risasi hazijui kwamba vita imekwisha. Wataalamu wa Jeshi la Ireland wa kutegua mabomu walikuwapo tangu mwanzo.

Nne, walichimba kwa hatua. Katapila lilichota, lakini kila lilichokitoa kilipekuliwa kwa mikono na kuoshwa, kwa kuwa tope moja tu laweza kuficha kitu kidogo cha thamani.

Jambo moja liliwapunguzia uzito: rubani aliruka. Ndege nyingi za vita ile zilizozama ni makaburi. Ndiyo maana Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayokataza kugusa mabaki ya ndege za kijeshi bila kibali. Huku Inishowen walijua kwamba hawafukui mtu. Wolfe aliendelea na urubani wa kijeshi, akapigana Korea na Vietnam, na alifariki mwaka 1994.

Walichokipata kiliwashangaza wenyewe. Injini ya Rolls-Royce Merlin, yenye silinda 12. Mabati ya mwili wa ndege. Kofia ya ngozi ya rubani. Kisanduku cha huduma ya kwanza. Bunduki sita za rashasha pamoja na risasi zake. Vitu vya mwaka 1941, vimekandamizwa na kupindwa, lakini vimo.

Derry

Wiki iliyofuata mzee alitupeleka Derry kuyaona mabaki hayo katika jumba la makumbusho. Tulisimama mbele ya injini. Ilikuwa imekunjamana upande mmoja ilipopiga ardhi, lakini ungeweza kuhesabu sehemu zake. Kwetu chuma kikikaa nje misimu miwili ya mvua kinakuwa unga mwekundu. Hiki kilikuwa kimekaa ardhini, ndani ya maji, miaka 70.

"Mnajua walichofanya na zile bunduki?" mzee akauliza.

Hatukujua. Akatuambia. Mafundi wa Jeshi la Ireland walizichukua, wakazisafisha, wakanyoosha vyuma vilivyopinda, wakachagua vipande vizuri kutoka bunduki mbalimbali na kuunda moja. Novemba 2011, huko Athlone, wakaitia risasi mpya na kufyatua.

Ikapiga.

"Miaka 70," mzee akasema. "Kama ingekuwa imeachwa juu ya ardhi, kwenye mvua na upepo, ingekuwa imekufa zamani. Imehifadhiwa kwa sababu imefichwa mahali pasipo na hewa."

Safari ya kurudi Inishowen tulikaa kimya. Mzee alitushusha kwenye nyumba ya mapadre, akasema usiku mwema, akaondoka. Mpaka leo hatujui kama alikusudia. Tunadhani alikusudia.

Bunduki yetu

Sasa inabidi tuseme lililokuwa chini ya paa letu. Tumejadiliana sana kabla ya kuliandika, na wote wanaohusika wameridhia. Hatutasema nani ni nani kati yetu. Wanaotufahamu watabahatisha, na tunawaomba wasibahatishe kwa sauti.

Mwaka wa pili wa falsafa, mmoja wetu alitoka seminarini usiku bila ruhusa. Kaka yake alikuwa amelazwa hospitali, hali yake mbaya, na yeye aliogopa kunyimwa ruhusa, kwa hiyo hakuomba. Aliruka ukuta, akamwona kaka yake, akarudi kabla ya kengele ya alfajiri. Aliyejua ni jirani yake wa kitanda tu. Siku mbili baadaye Gombera alimwita yule jirani na kumuuliza. Naye akasema kweli.

Aliyetoka alirudishwa nyumbani mwaka mzima atafakari wito wake. Kijijini, mwaka huo ni mrefu. Mama yake aliwaambia majirani kwamba kijana anaumwa. Baba yake hakusema kitu, ila aliacha kukaa kwenye kiti chake cha mbele kanisani. Aliporudi seminarini, wenzake walikuwa wamemtangulia darasa moja, na walipata upadrisho mwaka mmoja kabla yake.

Hatukuwahi kulizungumza. Tulisalimiana. Tulipeana amani kwenye Misa, mkono kwa mkono, mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tuliamini limekwisha kwa sababu halikuonekana. Lakini tulipotumwa pamoja Ireland, aliyekuwa amerudishwa nyumbani alianza kukosa usingizi. Siku ile tuliyokwenda Derry, alikuwa na barua kwenye droo yake, ameshaiandika na kuitia saini, akimwomba Askofu amhamishie nchi nyingine. Sababu aliyoiandika ilikuwa baridi.

Usiku ule tuliketi jikoni. Aliyeanza kusema ni yule mwingine.

"Zile bunduki," akasema, "mimi ninayo moja."

Akaeleza. Gombera alipomuuliza, alijibu kweli, na angeishia hapo dhamiri yake isingemshitaki. Lakini majuma mawili kabla, mwenzake alikuwa amechaguliwa kiongozi wa kwaya, nafasi aliyoitaka yeye. Kwa hiyo aliongeza sentensi moja ambayo hakuulizwa. Alisema haikuwa mara ya kwanza. Hilo hakulijua. Alilidhani tu, na alilisema kama mtu anayejua. Kutoka mara moja kwa ajili ya ndugu mgonjwa pengine kungeleta onyo. Mazoea ya kutoroka yalileta mwaka mzima.

Aliyekuwa akisikiliza hakuwa na habari ya sentensi hiyo. Miaka yote alikuwa amekasirikia ule ukweli, na ndani ndani akijua kwamba ukweli si kosa, jambo lililomfanya azidi kukasirika. Sasa chini ya lile alilolijua kulikuwa na kingine. Aliinuka, akachukua koti, akatoka nje. Alitembea barabara ya kuelekea baharini mpaka karibu usiku wa manane. Aliyebaki jikoni hakumfuata. Aliosha vikombe, akaviosha tena.

Tunaandika hivi ili msidhani kwamba tulikumbatiana. Asubuhi yake mmoja tu ndiye aliyeongoza Misa. Mwingine alikaa nyuma kwenye mabenchi na waamini, kwa sababu anaifahamu Injili inavyoagiza kuhusu mwenye sadaka mkononi anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Ilichukua siku tano. Tulimwomba padre mmoja mzee wa jirani akae nasi. Yeye alikuwa yale mbao tulizotandika ili tusizame, na pia alikuwa mtegua mabomu, maana zaidi ya mara moja alisema, "Hilo neno liweke chini kwanza." Tulisema mambo kwa hatua, moja moja, tukiliosha kila moja kuona ni nini hasa. Mengine yalikuwa tope tu: mambo tuliyodhani mwenzetu ametutendea kumbe hakuwahi kuyafikiri. Kisha kila mmoja alikwenda kwake katika Sakramenti ya Kitubio, peke yake, na hayo yamebaki huko.

Ile barua ya Askofu iliingia jikoni kwenye moto wa mboji.

Kilichobaki chini

Kabla hatujaondoka Inishowen mzee alitueleza habari nyingine ya kinamasi, na hatutaki kuinyima nafasi yake. Julai 2006, katika kinamasi cha Faddan More, kaunti ya Tipperary, mtu aliyekuwa akichimba mboji kwa mtambo aliona kitu cha ajabu mbele yake. Alikuwa na akili ya kusimama. Alikifunika kwa mboji mbichi kisikauke, wataalamu wakaitwa. Kilikuwa kitabu cha Zaburi, kilichoandikwa kwa mkono kwenye ngozi kama mwaka 800. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na Zaburi ya 83 kwa hesabu ya Biblia ya Kilatini, ile inayolitaja bonde la machozi. Walipochunguza jalada lake la ngozi, walikuta ndani yake mafunjo, karatasi ya matete ya Misri. Kitu cha Afrika, ndani ya kitabu cha sala, ndani ya matope ya Ireland, miaka 1,200. Leo kimo katika Makumbusho ya Taifa, Dublin.

Tunakitaja kwa sababu sisi nasi tulikuta kitu kizuri chini ya bunduki. Katika zile siku tano tulikumbuka kwamba kabla ya habari ya kwaya tulikuwa marafiki kweli. Mmoja alimfundisha mwenzake Kilatini chini ya mwembe. Mwingine aligawa blanketi lake msimu wa baridi. Hayo nayo tulikuwa tumeyazika pamoja na hasira, na hayo nayo hayakuwa yameoza. Usingeweza kuyapata bila kupita kwenye risasi.

Kwa ninyi mafrateri tunasema jambo moja tu. Katika malezi ni rahisi mno kuzika. Ratiba ni kali, kengele zinapigwa, unatakiwa kuonekana mtulivu, na ukikasirika unaogopa itaandikwa. Basi unaweka chini, unafunika, unatabasamu. Msidhani ni kufa kwa jambo. Linakaa chini bila hewa, na siku moja mtu atalipaka mafuta na kulitia risasi: mtakapokuwa maparoko jirani, au mmoja anapoteuliwa na mwingine kuachwa. Mwendee mlezi wako wa kiroho kabla mboji haijafika mita. Lakini pia usilifukue peke yako usiku kwa hasira. Utazama na katapila lako.

Na kusameheana hakukumaliza kazi. Kulikuwa na uongo uliokwisha kusemwa, na uongo una watu wake. Aliyeusema alimwandikia Gombera wetu wa zamani, ambaye sasa amestaafu, akamweleza ile sentensi ilivyokuwa. Alijibiwa kwa mistari minne, na mstari wa mwisho ulikuwa wa baraka. Kisha, tulipokuja nyumbani likizo, tulipanda basi pamoja hadi kijijini kwa mama wa mwenzake. Baba alikuwa ameshafariki. Kwake huyo ukweli ulichelewa, na hilo hakuna katapila linaloweza kulirekebisha. Tunaliombea katika Misa zetu.

Mama alitukaribisha sebuleni. Aliyekuja kuomba msamaha alisema yote akiwa amesimama, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Alisema kijana wake hakuwa mtoro, kwamba alitoka mara moja tu, na kwamba yeye ndiye aliyesema vinginevyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Alimtazama mwanawe, akamtazama mgeni, akanyamaza kitambo kirefu.

Halafu akasogeza kigoda.

"Kaa, Padre," akasema. "Kunywa chai kwanza. Halafu utaniambia tena, polepole, na mimi nimwite dada yangu asikie."